Fundo Lililolala Kulia

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hainitoki hata nikiwa juu ya msala. Nikiinama naiona, nikiinuka naiona. Nitakusimulia kwa mwendo wangu, maana shule yangu ilikuwa ngumbaru tu, tena ukubwani, na mkono wangu hauendi mbio. Lakini jina la mtu silisahau. Mungu aliyeninyima madarasa alinipa hilo, na siku nyingine naona afadhali angeninyima hilo pia.

Nina wana wawili wa kiume. Wa kwanza ni Rajabu, ndiyo maana kutoka Majengo nilikozaliwa mpaka huku Njiru ninakoishi watu wananiita Mama Rajabu. Wanaolijua jina langu mwenyewe wengi wamekwisha lala. Wa pili ni Idi, na Idi ni mtu wa mkono wa kushoto. Baba yao, Mungu amrehemu, alijaribu kumgeuza. Kwa kula aligeuka, kwa kazi akakataa. Lishike hilo la mkono, utalihitaji mbele.

Wote wawili niliwafundisha kushona kofia. Usicheke. Kwetu kofia za mkono, zile za vitobo, wanaume pia hushona, na mimi nilifundishwa na shangazi yangu Bi Mwanakombo, aliyenilea pale Majengo. Huyo shangazi, ukimpelekea kofia uliyoimaliza, hakuitazama juu. Aliigeuza ndani nje kama mtu anayechuna kuku, akapitisha kidole kwenye mafundo, moja moja. Siku moja msichana mwenzangu, Zuhura binti Salim, alileta kofia nzuri ya kupendeza, shangazi akaigeuza, kidole kikasimama. Fundo moja lilikuwa limelegea. Zuhura akasema, "Lakini halionekani, Bi." Shangazi akachukua wembe akaifumua kofia yote, kazi ya majuma, mbele yetu sote, huku Zuhura analia. Kisha akasema, "Fundo bovu halimwaibishi aliyeshona. Yeye yuko nyumbani anakunywa chai. Linamwaibisha aliyevaa, tena mbele za watu."

Nilikuwa kigoli wakati huo. Niliona shangazi ni mkali bila sababu. Ukubwa ni jalala, mwanangu, mengi hutupwa juu yako ndipo ukajua yalikuwa nini.

Basi wanangu walipokua, hawakuwa watu wa kofia. Waliingia kwenye magari. Rajabu alijifunza kazi ya nyaya kwa fundi mmoja karibu na Kariokor, naye akamfundisha Idi, na wakahamia huku Njiru kwenye uwanja wa gereji kando ya barabara ya Kangundo. Lakini uzi wangu walikwenda nao. Mafundi wengine hufunga nyaya kwa solatepu, na solatepu ikipata joto la injini gundi yake hutoka, ikaanguka kama ngozi ya nyoka. Wanangu walifunga kwa uzi wa kofia nilioupaka nta mwenyewe, fundo baada ya fundo, kama nilivyowafundisha. Watu wakaja kutoka mbali kuona. Ukifungua boneti ukakuta uzi, ulijua ni kazi ya wana wa Mama Rajabu. Nami nilivimba, sikufichi. Mgeni akija nyumbani nilihakikisha amesikia.

Sasa ngoja nikueleze kuhusu kisanduku, kwa namna nilivyoelezwa mimi. Siku hizi gari hubadilishwa injini, au mtu anataka lile lake liwe jepesi mlimani, basi anaongezewa kisanduku kidogo ambacho halikutoka nacho kiwandani. Kazi yake ni kuipimia injini mafuta. Kinasikiliza hewa inayoingia, halafu kinaiambia injini kula hivi, usile vile. Ni kama mke aliyekaa kati ya jungu na wageni. Akisikia vizuri, kila mtu anashiba. Akiwa kiziwi, ama mtalala njaa ama mtapasuka.

Bwana Wafula, jirani yetu anayeuza nguo za mitumba, alifungiwa kisanduku hicho na Rajabu kwenye gari lake jeupe la mizigo. Likaenda vizuri. Baada ya muda likaanza ugonjwa. Asubuhi likiwa baridi ni zima kabisa. Likishapata moto, likakanyaga shimo au tuta, injini inakohoa, moshi mweusi unatoka nyuma, linazima. Analirudisha kwa Rajabu. Rajabu anaingiza mkono chini ya dashibodi, punde tu anautoa, gari limepona. Wafula analipa, anashukuru, anaondoka. Baada ya wiki chache yuko tena pale pale.

Jioni moja nilimwuliza Rajabu, "Kwani gari la Wafula lina nini lisilopona?"

Akacheka, akasema, "Mama, mgonjwa akipona kabisa, daktari atakula nini?"

Nilidhani ni mzaha. Nikacheka naye, nikamwongezea mchuzi.

Kisha Rajabu akasafiri Mombasa kwenye harusi ya binamu yake Shufaa, na ugonjwa ukaja yeye akiwa hayuko. Wafula akampelekea Idi. Idi hakujua mahali pa kuingiza mkono, maana ile kazi aliifanya kaka yake peke yake. Akaanza mwanzo kama mtu mwaminifu. Akatazama plagi, akasafisha vichwa vya betri, akafuata ule waya wa bodi, unaoshikiza kisanduku kwenye chuma cha gari, akakuta umefungwa juu ya rangi, inayozuia umeme. Akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akaufunga upya. Akawasha. Injini ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Akamwambia Wafula, "Nenda, tumemaliza."

Hawakuwa wamemaliza. Siku ya pili Wafula alikuwa amembeba mkewe Nekesa na mtoto wao mchanga. Gari likapita kwenye tuta, likakohoa, likazima katikati ya barabara. Lori lililokuwa nyuma lilikwepa likachelewa kidogo, likang'oa kioo cha upande wa Nekesa. Kioo tu, Mungu mkubwa. Lakini Nekesa alishuka pale amemshikilia mtoto mpaka mtoto akaanza kulia kwa kubanwa.

Ndiyo Ijumaa ninayokuambia ikafika. Baada ya sala niliwapelekea wanangu chapati na mbaazi, kama desturi yangu. Rajabu alikuwa amekwisha rudi. Nikakuta watu wamelizunguka lile gari jeupe, na Wafula amesimama katikati na shemeji yake, mishipa ya shingo imemtoka.

"Huyu kijana wenu alitaka kuniulia bibi!" alikuwa anasema. "Nimeleta gari inazima, nikaambiwa imepona! Ametoa kitu huko ndani, ametia takataka!"

Mwenyekiti wa mafundi wa uwanja ule ni Mzee Musyoka, mtu mpole, lakini sheria yake haipindi. Fundi akipatikana ameacha ugonjwa ndani ya gari la mtu kwa kusudi, anatoka uwanjani na vyombo vyake, na jina lake linatangazwa. Jina likitangazwa Njiru Ijumaa mchana, mwanangu, Kariokor wanalo kabla ya magharibi. Hakuna atakayekupa hata taa ya nyuma uibadilishe.

Musyoka akauliza, "Nani aligusa nyaya hizi mwisho?"

Nilimtazama Rajabu. Niliamini atasema, ngojeni, kisanduku nilikifunga mimi. Rajabu akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. Akasema, "Mimi nilikuwa Mombasa. Idi ndiye aligusa mwisho."

Idi aligeuka akamtazama kaka yake. Akamwambia Musyoka, "Mzee, nipe nafasi nitafute hapa hapa, mkiona wote. Juzi nilikosea jambo moja. Nililijaribu gari likiwa baridi na limesimama. Ugonjwa huu unaishi kwenye joto na kutikisika. Liwasheni lipate moto kwanza."

Gari likawashwa, likaachwa lingurume. Tukangoja. Kijana mmoja anayeitwa Kimani, asiyeweza kunyamaza hata matangani, akasema, "Hii ndinga ikikohoa tu, mzee, tuipelekee Mama Rajabu aipikie tangawizi." Watu wakacheka. Hata Wafula alitaka kucheka akajizuia.

Idi akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje. Akawa anaeleza kwa sauti kila anachofanya, ili mtu asiseme amefanya uchawi. "Kisanduku kinataka vitu vitatu tu. Kinataka waya wa moto, kinataka waya wa bodi, na kinataka habari. Moto huu hapa." Akagusa kwa testa, taa ikawaka, akautikisa ule waya, taa haikucheza. "Moto mzima. Bodi hii hapa, niliikwangua mwenyewe." Akaitikisa. Injini haikujali. "Sasa habari. Huu unaleta habari za mzunguko wa injini." Akautikisa. Kimya. "Na huu unaleta habari za hewa."

Akautikisa, na injini ikapepesuka kama mtu aliyepigwa kofi. Moshi mweusi ukatoka. Idi akaachia, injini ikashika pumzi. Akatikisa tena, ikapepesuka tena.

"Ooh!" watu wakasema kwa pamoja.

"Ugonjwa uko hapa, chini ya uzi," Idi akasema. Akasukuma ule uzi pembeni kwa ncha ya bisibisi, bila kuukata. Akamwita Musyoka achungulie kwa tochi. Nyaya zote kwenye lile fungu zilikuwa zimelehemiwa pale zilipoungwa, kila moja ina tone lake linalong'aa. Ule wa hewa peke yake ulikuwa umesokotwa tu mkavu, bila lehemu, kisha ukafunikwa na uzi mzuri, uliobanwa kiasi cha kushika wiki chache. Ukilegea, mtu anaingiza mkono anauminya, gari linapona mpaka safari nyingine.

Musyoka alitoka mle akiwa na uso mwingine. "Hii si bahati mbaya," akasema. "Aliyelehemu nyingine zote hakusahau huu mmoja. Hii tunaita kuacha mlango. Nani aliacha mlango?"

"Uzi ni wa nyumbani kwetu," Rajabu akasema. "Sisi wote tunafunga kwa uzi. Na mimi nimeshasema nilikuwa wapi."

Ni kweli. Mtu mwingine yeyote angetazama ule uzi asingejua ni mkono wa nani. Lakini Idi, akiwa bado amekaa kwenye mlango wa gari, alinitazama. Na Rajabu naye akanitazama. Kwa maana sisi watatu tulijua. Mtu wa mkono wa kulia akifunga fundo la kofia, ncha yake hulala kulia. Idi anashona kwa kushoto, na ncha ya fundo lake hulala kushoto tangu utotoni. Nilimchapa sana kwa hilo zamani, nikachoka.

Musyoka akayaona yale macho. Akaniambia kwa heshima, "Mama Rajabu, huu ni uzi wako. Unaweza kujua fundo ni la nani?"

Kabla sijafungua mdomo Rajabu akacheka kidogo. Akaja akanishika bega, taratibu, kama mtoto mwema. "Mzee, msimsumbue mama. Macho yake siku hizi hayaoni. Juzi ametutilia chumvi kwenye chai, tukanywa tukanyamaza. Au si kweli, Mama?"

Watu wakacheka, kwa upole. Na ni kweli nilitia chumvi. Mwanangu, unaelewa alichonipa? Alinifungulia mlango. Nilichotakiwa kusema ni, kweli, baba, sioni. Neno moja la uzee. Hakuna ambaye angenilaumu. Idi angetoka na vyombo vyake, Rajabu angebaki, na mimi ningekwenda nyumbani na sufuria yangu ya mbaazi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini wakiwa wawili, na uchungu ni mmoja, hakuna aliyewahi kunifundisha nigawe vipi.

Nikasema, "Chumvi nilikosea kwa macho, baba. Fundo mimi nalijua kwa vidole. La mtu wa mkono wa kulia hulala kulia, la Idi hulala kushoto."

Nikaweka sufuria chini, nikaingiza mkono pale aliponielekeza Idi. Injini ilikuwa bado inanguruma, nikaisikia mpaka kwenye kiwiko. Nikalipata fundo. Lilikuwa zuri. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote, lilikuwa zuri, limekazwa vile vile nilivyomwonyesha akiwa mdogo amekaa kwenye mkeka kati ya magoti yangu. Nikapitisha kidole kwenye ncha. Nikapitisha tena, nikitumaini itahama.

"Limelala wapi, Mama Rajabu?" Musyoka akauliza.

Nikasema, "Kulia."

Wafula, aliyekuja na hasira ya kubeba dunia, aliinama akawa anatazama viatu vyake, kwa aibu ya kuona mambo ya nyumba ya mtu. Musyoka akamwambia Rajabu, "Kusanya vyombo." Idi akachukua chuma cha kulehemu, akaulehemu ule waya wa hewa mbele yao, akautikisa. Injini haikugeuza hata sauti. Mpaka leo lile gari halijakohoa.

Rajabu alikusanya vyombo vyake bila haraka. Alipopita mbele yangu nilimwita jina. Akasimama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza njia, akasema, "Kwa heri, Mama Idi."

Hilo tu. Akaondoka. Wiki ile ile alihamisha mke na watoto. Nasikia yuko upande wa pili wa jiji. Nywele za mjukuu wangu Mwanaisha nilizozisuka mimi tangu zilipoota, sijui nani anazisuka. Idd imepita, na nyingine ikapita. Nimemtuma mtu, akarudi na salamu zisizo na mwenyewe.

Nawe unadhani Idi alinishukuru? Usiku ule hakula. Asubuhi akaniambia, bila kuniangalia, "Mama, ungesema huoni. Mimi ningetafuta uwanja mwingine, fundi hakosi uwanja. Sasa sina kaka." Nikamwambia, "Ulinitazama wewe mwenyewe pale mlangoni." Akasema, "Nilikutazama kwa sababu niliogopa. Sikukutazama ili useme." Anafanya kazi pale pale, jina lake safi, wateja wamejaa. Lakini siku hizi anafunga nyaya kwa solatepu kama wengine. Uzi wangu wa nta uko ndani ya kopo la kahawa, juu ya kabati, hakuna anayeuomba.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikuchelea, na ninalia vile vile. Hilo wahenga hawakuniambia, basi nakuambia mimi. Watu husema ukweli ni dawa, nami sikatai, lakini usiusubiri kama unavyosubiri shukrani. Sema kwa sababu lori halikwepi kila siku. Nekesa alikuwa amekaa upande ule ule wa kioo.

Basi wewe uliye na ufundi mikononi, wa nyaya, wa sindano, wa kalamu, sikiliza. Usiache mlango ndani ya kazi yako ili mtu arudi. Anayerudi kwa ugonjwa uliomwachia hakupendi, hajakujua tu. Na fundo lako bovu halitakuaibisha wewe, litamkuta mwingine barabarani na mtoto mapajani. Ukiwa umekwisha koroga, sema mwenyewe mapema, jambo likiwa bado ni waya mmoja. Usingoje watu waliwashe lipate moto, walitikise mbele ya uwanja mzima. Na nakuomba, kwa haki ya maziwa uliyonyonya, usimweke mzazi wako mahali ambapo akisema kweli anakupoteza, na akisema uwongo anampoteza ndugu yako. Huko hakuna anayetoka na mikono yote miwili.

Watu wa Njiru bado wananiita Mama Rajabu. Naitika. Kila siku naitika, sokoni, msikitini, dukani kwa Mutua. Mwenye jina amelikataa, lakini mimi nilizaa, sitalirudisha.

Mungu akupe, mwanangu, mkono ambao hauogopi kazi yake kugeuzwa ndani nje. Akupe riziki isiyongoja mwenzio aharibikiwe. Na kama una mama aliyezeeka, anayetia chumvi kwenye chai, akuwezeshe kuinywa chai hiyo ukiwa umekaa naye meza moja. Amina.